Kutabiri hitilafu ya mapigo kwa mbwa mwenye ugonjwa wa vali: mwongozo wa altrasaundi ya moyo

Mbwa aliyenifundisha jambo hili alikuwa chotara wa kilo 18, mlinzi wa nyumba moja pale Kisasa, umri wake miaka 11. Mwenyewe, mzee mstaafu, aliniambia, "Daktari, usiku anakohoa kama mtu aliyepaliwa." Nilisikiliza kifua nikakuta mvumo mkubwa upande wa kushoto, yaani sauti ya damu inayopita vibaya kwenye vali. Nikaweka probu, kile kichwa cha altrasaundi kinachogusa mwili, nikapima, nikaandika kwenye kadi: chumba cha juu cha kushoto cha moyo 4.2 cm, aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) 2.0 cm, uwiano 2.1. Nikampa dawa na kumwambia mzee arudi baada ya miezi mitatu. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, sikufanya. Wiki tatu baadaye alirudi akiwa amebebwa kwenye shuka, anahema mdomo wazi, ufizi umekuwa wa kijivu, moyo unapiga zaidi ya 220 kwa dakika bila mpangilio wowote. Ile 2.1 ilikuwa imeshanielekeza nitazame mapigo, nami nikaishia kuiandika tu.

Nawaandikia kwanza madaktari wa mifugo wenzangu wa Dodoma na mikoa jirani wenye mashine ya altrasaundi lakini wanaiona altrasaundi ya moyo kama kazi ya mabingwa. Tangu Serikali ihamie huku, mbwa wadogo wa manyoya marefu tuliozoea kusikia wako Masaki na Mbezi wanaingia kliniki zetu, na wengi sasa wamezeeka. Wenye mbwa nao wasome. Sehemu ya kuhesabu pumzi ni yao.

Altrasaundi inaona nini

Altrasaundi haioni umeme wa moyo. Inachoonyesha ni umbo: kuta, vali, ukubwa wa vyumba na mwendo wa damu. Itawezaje basi kutabiri mapigo?

Ugonjwa tunaouzungumzia ni ule wa uzeeni, ambapo vali ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, inanenepa, inaota vinundu na kushindwa kufunga sawasawa. Ndio ugonjwa wa moyo unaowapata mbwa kuliko mwingine wowote. Kila pigo, sehemu ya damu inarudi juu badala ya kwenda mbele. Chumba cha juu kinajaa kupita kiasi, kinatanuka, msuli wake unavutika, na katikati ya nyuzi za msuli zinaota nyuzi za kovu zisizopitisha umeme. Ukitaka kuelewa kinachofuata, kumbuka mvua ya kwanza ya Dodoma ikishuka kwenye shamba lililopasuka kwa kiangazi: maji hayaendi pamoja, yanagawanyika kwenye nyufa, mengine yanachelewa, mengine yanazunguka na kurudi yalikotoka. Umeme ndani ya chumba kilichotanuka hufanya hivyo hivyo. Kwanza yanatokea mapigo ya mapema, moja moja. Baadaye kwa baadhi ya mbwa chumba chote kinaanza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Hiyo ndiyo fibrilesheni ya vyumba vya juu, iliyompata mbwa wa mzee.

Kwa hiyo unapopima chumba cha juu cha kushoto unapima udongo ambamo hitilafu ya mapigo inaota. Na hapa ukubwa wa mbwa mwenyewe una uzito. Fibrilesheni inahitaji eneo la kutosha la msuli ili iweze kujiendesha. Mbwa wa kilo 5 anaweza kuwa na chumba kilichotanuka sana akabaki na mapigo ya mapema tu kwa muda mrefu. Mbwa wa kilo 18 au 25 hana nafasi hiyo. Chotara wetu walinda nyumba, ambao vitabu vingi haviwataji kwa sababu ugonjwa huu unahusishwa na mbwa wadogo, ndio wa kuwaangalia kwa jicho kali zaidi wakiugua vali.

Hatua ya 1: Mikono na masikio kabla ya mashine

Mpime uzito. Kama huna mizani ya mbwa, panda na mbwa kwenye mizani ya kawaida kisha toa uzito wako. Usikisie, kwa maana uzito utaingia kwenye hesabu hapo mbele.

Weka stetoskopu upande wa kushoto, nyuma kidogo ya kiwiko, na mkono mwingine ushike mshipa wa paja kwa ndani. Sikiliza na kushika kwa wakati mmoja, dakika nzima. Unatafuta mambo mawili. La kwanza, je, kila pigo unalolisikia linafika pajani? Ukisikia moyo ukipiga na paja likakaa kimya, pigo hilo lilikuja kabla chumba cha chini hakijajaa. La pili wengi wanalipita. Mbwa mzima aliyetulia ana mapigo yanayokwenda na pumzi: anavuta hewa yanaharakisha, anatoa yanapungua. Kutokuwa sawa kwa namna hiyo ni afya. Mbwa mwenye ugonjwa wa vali ambaye mapigo yake yamekuwa ya haraka na yamenyooka kama saa ameanza kuelemewa, na ambaye mapigo yake hayana mpangilio wowote, wala hayafuati pumzi, huyo mkimbizie ECG kabla hujawasha altrasaundi.

Halafu tazama ufizi na utafute kupe. Huku kwetu mbwa mwenye kupe anaweza kuwa na babesia au erlikia, damu ikapungua, na upungufu huo peke yake ukaleta mvumo ambao si wa vali. Erlikia inaweza hata kuumiza msuli wa moyo na kuvuruga mapigo. Tone la damu kwenye kioo na kipimo cha wingi wa damu vinakuokoa usimtibu moyo mbwa anayehitaji dawa ya kupe.

Hatua ya 2: Meza na mashine

Probu ndefu nyembamba ya kupimia mimba ya ng'ombe kwa njia ya haja kubwa haifai hapa, haipenyi kati ya mbavu. Unahitaji probu yenye uso mdogo: ile ya moyo hasa, au ya mviringo mdogo. Kwa mbwa wa chini ya kilo 10 tumia megahezi 7 hadi 10. Kwa wakubwa shuka hadi 4 au 5.

Mbwa alale ubavu wa kulia na probu itokee chini. Moyo unaegemea ukuta wa kifua, mapafu yanasogea pembeni, picha inakuwa safi. Meza yangu ni plaiwudi ambayo fundi seremala wa mtaani aliikata tundu la upana wa viganja viwili, juu nikaweka godoro jembamba lenye tundu mahali pale pale. Kabla sijawa nayo nilikuwa napata picha zenye ukungu na kuilaumu mashine.

Fanya kazi hii asubuhi. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, saa nane mchana, mbwa anahema kwa joto na hakuna atakayepima kitu cha maana. Kama mbwa anahema kwa sababu ya ugonjwa, usimlazimishe kulala: mpe oksijeni na furosemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini), mpime amesimama au mwache kabisa hadi atulie.

Na tafadhali, usimtulize kwa zailazini. Najua ndiyo iliyo kabatini kwa kila mmoja wetu. Inabana mishipa, inapunguza mapigo, inaongeza damu inayorudi kupitia vali mbovu, na inaweza kuleta hitilafu ile ile unayoitafuta. Ikibidi, butofanoli 0.2 mg kwa kilo inatosha. Mara nyingi mwenye mbwa akikaa kichwani na kumsemesha polepole, dawa haihitajiki.

Hatua ya 3: Chumba cha juu cha kushoto dhidi ya aota

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na ndicho kinachoharibiwa zaidi.

Ukiwa upande wa kulia wa kifua, kati ya ubavu wa 3 na wa 5 pale unapouhisi moyo kwa kiganja, pata picha ya kukata moyo mkingamo kwenye usawa wa vali ya aota. Aota itaonekana kama duara katikati, na ndani yake vijani vitatu vya vali vikifunga vinachora mistari mitatu inayokutana katikati. Chumba cha juu cha kushoto kiko chini yake, na mbele kina kamkia kinachochongoka, kwa hiyo wengi wanakifananisha na nyangumi.

Gandisha picha, kisha irudishe nyuma fremu kwa fremu. Tafuta fremu ya kwanza ambayo vijani vya aota vimeshafunga. Hapo ndipo chumba cha juu kiko karibu na ukubwa wake wa mwisho. Ukipima fremu kumi mbele zaidi, damu imeshaanza kushuka na utaandika namba ndogo ya kukufariji bure.

Pima aota kutoka ukuta hadi ukuta kwa kufuata mstari ambapo vijani viwili vinakutana, kile kisicho na mshipa wa moyo na kile cha kulia. Kisha, kwa chumba cha juu, fuata mstari ambapo kile kisicho na mshipa wa moyo kinakutana na kile cha kushoto, uuendeleze kwa mwelekeo ule ule ndani ya chumba hadi ukuta wake wa mbali. Ukutani hapo utakuta mshipa unaotoka kwenye mapafu ukifungukia ndani ya chumba. Usiingie nao. Kosa hili nimelifanya mara nyingi: mstari unateleza ndani ya mshipa, chumba cha 2.6 cm kinasomeka 3.3, na mbwa mwenye ugonjwa mdogo anapewa hukumu ya mgonjwa mahututi. Ukiona mwanya, elekeza mstari pale ukuta wa chumba ungepita kama mwanya usingekuwepo.

Rudia kwa mapigo matatu hadi matano, chukua wastani. Gawanya chumba kwa aota. Chini ya 1.6 chumba hakijatanuka. Kuanzia 1.6 kimetanuka. Ukifika 2.0 na kuendelea, mimi namhesabu mbwa huyo kuwa anaelekea kwenye hitilafu ya mapigo hata kama anatikisa mkia na kula vizuri.

Picha nzuri moja ina manufaa kuliko namba tano za haraka, kwa hiyo ihifadhi. Mbwa akirudi baada ya miezi minne, fungua picha ya zamani uiweke pembeni ya mpya na upime mahali pale pale. Uwiano uliotoka 1.6 hadi 1.9 ndani ya muda huo unanitisha kuliko 1.9 uliokaa palepale mwaka mzima.

Hatua ya 4: Chumba cha chini

Shuka kidogo na picha ile ile ya mkingamo hadi chini ya ncha za vali ya mitrali, upime upana wa chumba cha chini cha kushoto kikiwa kimelegea na kujaa. Namba hii haina maana bila uzito wa mbwa: gawanya sentimita ulizopata kwa uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.294. Simu yenye kikokotozi cha kisayansi inafanya hivyo, lakini umeme na bando vikiisha, hizi hapa za kubandika ukutani. Kilo 5, gawanya kwa 1.61. Kilo 10, kwa 1.97. Kilo 15, kwa 2.22. Kilo 20, kwa 2.41. Kilo 30, kwa 2.72. Jibu la 1.7 na zaidi maana yake chumba kimepanuka. Mbwa wa mzee alikuwa na 4.5 cm, kigawanyo cha kilo 18 ni 2.34, jibu 1.92.

Mwenye mvumo wa daraja la 3 kati ya 6 au zaidi, uwiano wa chumba cha juu 1.6 au zaidi, na chumba cha chini 1.7 au zaidi, akiwa bado hana dalili, yuko hatua inayoitwa B2. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa pimobendani ikianzishwa hapo inachelewesha moyo kushindwa kwa takribani miezi 15. Dozi ni 0.25 mg kwa kilo, kila saa 12, saa moja kabla ya chakula. Iagize mapema, usisubiri mbwa aanze kukohoa ndipo upige simu kuitafuta.

Hatua ya 5: Dopla, kama mashine inayo

Geukia upande wa kushoto, karibu na ncha ya moyo, upate vyumba vyote vinne. Weka Dopla, sehemu ya mashine inayopima kasi ya damu, kwenye ncha za vali ya mitrali. Utaona mawimbi mawili: la kwanza, E, damu ikishuka yenyewe, la pili, A, chumba cha juu kikibana kumalizia. Wimbi la E lenye kasi ya zaidi ya 1.2 m kwa sekunde kwa mbwa wa aina hii linasema shinikizo ndani ya chumba cha juu limepanda. Na sasa tazama A kwa makini. Likiwa limepotea kabisa, na nafasi kati ya mawimbi ya E hazilingani, huenda mbwa ameshaingia kwenye fibrilesheni hapo mezani na wewe unaangalia rangi za damu. Mwunganishe na ECG papo hapo.

Mashine zenye Dopla ya msuli na waya wa ECG zinakupa kipimo kimoja zaidi: muda kutoka mwanzo wa wimbi la P (alama ya ECG ya umeme wa vyumba vya juu) hadi kilele cha msuli wa ukuta wa chumba cha juu ukibana. Muda ukirefuka, umeme unachelewa njiani. Zipo pia programu zinazofuatilia jinsi ukuta wa chumba unavyonyumbuka. Chumba kilichopoteza mnyumbuko ni kigonjwa kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Linganisha mbwa na yeye mwenyewe, kwa mashine ile ile. Kama huna vitu hivi, usikate tamaa, hatua ya 3 inabeba mzigo mkubwa.

Hatua ya 6: Nani apimwe umeme wa moyo

Kanuni ninayoifuata sasa ni hii. Uwiano wa 1.6 na zaidi: ECG ya dakika tano kila anapokuja. Uwiano wa 2.0 na zaidi, au mbwa aliyewahi kuzimia, au aliyeonekana na pigo la mapema hata moja: Holta, kifaa kinachorekodi saa 24. Huna Holta? Rudia ECG siku tatu tofauti, saa tofauti. Kile kifaa kidogo kinachobandikwa nyuma ya simu nacho kinasaidia kujua mpangilio wa mapigo, na mwenye mbwa anaweza kufundishwa kukitumia nyumbani. Kwa mbwa wa zaidi ya kilo 15 siisubiri 2.0, kwa 1.8 naanza kutafuta.

Klipu za ECG: nyekundu mguu wa mbele kulia, ya njano mbele kushoto, ya kijani nyuma kushoto, nyeusi nyuma kulia. Soma lidi ya II, mojawapo ya mistari inayochorwa na ECG. Pigo jembamba lililowahi kuja kabla ya zamu yake limetoka vyumba vya juu. Yakiwa mengi, au yakija kwa mafungu, mbwa yuko mlangoni mwa fibrilesheni. Pigo pana, la umbo geni, limetoka chini. Fibrilesheni yenyewe haina wimbi la P, mapigo ni membamba na nafasi hazilingani hata mbili. Karatasi ikienda 25 mm kwa sekunde, hesabu mapigo ndani ya 15 cm na uzidishe kwa 10.

Hatua ya 7: Umeikuta, unafanya nini

Chumba kikubwa peke yake si sababu ya kuanza dawa ya mapigo. Kinakudai umtazame mara nyingi zaidi, kila miezi mitatu au minne. Pima potasiamu, hasa kama yuko kwenye furosemaidi, kwa sababu ikishuka inaamsha mapigo mabovu.

Fibrilesheni ikithibitika, kwa kawaida haturudishi mpangilio, tunapunguza kasi. Ditiazemu pamoja na digoksini ndiyo njia iliyozoeleka, na lengo ni wastani wa chini ya mapigo 125 kwa dakika kwa saa 24. Digoksini ina nafasi ndogo sana kati ya dozi na sumu: kidonge cha binadamu kilichokatwa kwa kukadiria ni hatari, na mbwa anayetapika au kukataa chakula aachishwe mara moja hadi apimwe. Usianzishe dawa za jamii ya propranololi kwa mbwa ambaye mapafu yake bado yana maji.

Kwa mwenye mbwa

Mbwa akiwa amelala usingizi, mahali pasipo joto, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Andika kila siku kwenye daftari. Chini ya 30 ni salama. Ikipita 30 siku mbili mfululizo, piga simu siku hiyo hiyo. Ikipita 40, mlete. Akianguka ghafla, rekodi kwa simu kama unaweza, maana kuanguka kwa moyo na kifafa vinafanana ukisimulia lakini havifanani kwenye video.

Chumvi ipunguzwe: dagaa wa chumvi na mabaki ya nyama choma visimfikie. Zabibu pia, na hili nalisema kwa sababu tuko Dodoma na zinauzwa kila kona wakati wa mavuno. Zabibu mbichi au kavu zinaweza kuua figo za mbwa, na mbwa wa moyo aliye kwenye furosemaidi na enalaprili (dawa ya kulegeza mishipa) figo zake tayari zinafanya kazi kwa shida.

Yule mbwa wa Kisasa alilala kwangu usiku mbili kwenye oksijeni. Alipotoka, mapigo yalikuwa 130, na mzee alinunua daftari la shule la kuhesabia pumzi. Alirudi nalo mara nne, mistari imepigwa kwa rula, kila usiku una namba yake, hadi ukurasa ambao namba zilianza kupanda.